Sala Kabla ya Ajenda ya Mfereji

Mkutano wa mtaa wetu hapa Pasua, Moshi, ulifanyika palepale kwenye mfereji uliozibwa na taka. Mwenyekiti akamwomba mama mmoja atufungulie kwa sala. Mama aliomba kwa moyo wote, akamalizia kwa jina la Yesu, nasi tukaitikia. Pembeni yangu alisimama mzee wa Kiislamu, jirani ambaye kila Idi hutuletea pilau. Alikuwa anachora mistari vumbini kwa fimbo yake, akingoja tumalize. Mimi ni msharika wa Kilutheri, tena mwanakwaya, lakini siku ile amina ilinikwama kooni.

Wengi wetu tukisikia usekulari, yaani dola kutokuwa na dini yake, tunadhani ni ukafiri. Sivyo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi "isiyokuwa na dini", na ibara ya 19 inamwachia kila mtu imani yake na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu Nyerere aliyeisimamia misingi hiyo alikuwa Mkatoliki wa ibada. Hata sensa haijatuuliza dini zetu tangu 1967.

Wala usekulari wetu si ule wa Wafaransa, waliotenganisha dini na dola kwa sheria ya 1905 na mwaka 2004 wakawakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa hijabu. Kwetu binti anakaa darasani na hijabu yake, na wanaotaka ndoa ya bomani wanafungishwa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua sawa na ya kanisani na ya Kiislamu.

Kwa hiyo sheria tunayo. Kinachobaki ni sisi tulio wengi. Hapa Kilimanjaro Wakristo tumezoea mno wingi wetu hata hatuuoni, tunageuza mkutano wa wananchi kuwa jumuiya ya nyumba kwa nyumba. Mfereji ule unafurika kwa mzee kama unavyofurika kwangu, na mkutano ule ni wake kama ulivyo wangu.

Nilimfuata mwenyekiti baadaye, nikamsihi mkutano ujao atupe dakika ya kimya, kila mmoja aombe kwa imani yake. Akasema watu watalalamika kwamba tumemtoa Mungu. Nikamjibu, "Mwenyekiti, mzee naye alikuja na Mungu wake, hatukumpa nafasi." Akanyamaza kidogo, akasema atalipeleka kwa wajumbe.