Bado Watu Wawili Tu

Kundi letu la washairi kwenye WhatsApp lina sheria moja isiyochezewa. Jumapili, saa mbili usiku, mwamuzi wa zamu anatuma sauti yake akisoma mashairi matatu yaliyotia fora wiki hiyo, la tatu kwanza, la kwanza mwisho. Zamu iliponiangukia mimi wa Kisumu, nilikosa usingizi siku mbili. Nusu ya kundi ni watu wa Mombasa na Lamu, waliozaliwa wakihesabu mizani, yaani silabi za mshororo. Mimi ulimi wangu na herufi "sh" havijapatana tangu chekechea. Sasa useme "shairi la mshindi" mbele ya watu kama hao?

Na wiki yenyewe ilikuwa nzito. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mombasa (kundini tunamwita Mwalimu, basi) alileta tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya beti saba kuhusu subira. Kila mshororo mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), vina, zile sauti za mwisho zinazofanana, vimekaa kama meno ya kitana. Huyu ndiye hutukumbusha kila mara kwamba Muyaka, malenga wa Mombasa, alifariki 1840 na mizani yake mpaka leo haijapungua. Halafu kulikuwa na binti wa Nakuru. Yeye alileta shairi huru kuhusu ziwa lao lilivyofura likameza hadi lango la mbuga. Askari wa lango bado anaamka alfajiri, anavaa sare, anasimama ukingoni mwa maji, anawaomba flamingo wanaohama waonyeshe tiketi. Hakuna kina hata kimoja. Nililisoma mara nne, ya mwisho nikiwa jikoni, ugali ukaungua nikiangalia.

Nimpe nani nafasi ya kwanza? Tangu Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, atoe diwani ya mashairi isiyojali vina mwaka 1974, watu wa mizani na watu wa mashairi huru hawali sahani moja, na Mwalimu alishatuandikia kwamba shairi bila kina ni insha iliyokosa karatasi pana. Nikaogopa. Mwalimu wa kwanza, binti wa tatu. Wa pili nisimtaje, maana hadi leo hajanisamehe kwa nilichosema juu yake. Tutafika huko.

Saa moja na nusu ikanikuta soko la Kibuye, narudi kwangu Mamboleo. Nikaingia matatu iliyokuwa karibu tupu, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikasema hapa pametulia, nirekodi kabla haijajaa. Nikakifunga kitufe cha kurekodi kisinichoshe kidole, nikaanza. Makanga naye akaanza. Kila nikimaliza ubeti nikavuta pumzi, yeye pale mlangoni analeta chake:

"Kondele na Mamboleo, bado watu wawili tu!"

Tulikuwa abiria wanne kwenye gari la watu 14.

Mama mmoja aliyepakata beseni la omena, dagaa wetu wa ziwani, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amina. Pasta, kanisa lako liko wapi?"

"Si mahubiri, mama. Ni mashairi. Natangaza mshindi."

"Na huyo mzee wa subira ndiye aliyekushika roho?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini simu nilishaitia mfukoni, nikiamini sauti imekwenda. "Mama, nikwambie ukweli? Nimempa kwa sababu ya mvi zake. Hilo shairi, ukifika ubeti wa tano, wewe ndiye unayehitaji subira. Mimi langu ni la yule msichana wa Nakuru." Nikaendelea. Nikamchambua na yule wa pili, pamoja na picha yake ya wasifu. Kisha tukahamia kwenye omena.

"Mkebe mia mbili? Mama, hii ni omena au yule samaki mkubwa, mbuta?"

Akaniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, akapunguza ishirini.

Gari lilipoondoka hatimaye na makanga akaja kudai nauli, nikatoa simu nimlipe kwa M-Pesa. Nikakuta kishale cha kutuma bado kinaningoja. Kumbe haikwenda! Na saa mbili imeshapita! Nikabonyeza haraka. Ilikuwa ni baada ya kubonyeza ndipo nilipoona urefu wake: dakika 19 na sekunde 40.

Mkono ukaanza kutetemeka. Nikaishika ile sauti niifute, omena kwapani, makanga ananyoosha kiganja. Simu ikaniuliza: nifute kwa wote, au kwako tu? Swali hilo naweza kulijibu nikiwa usingizini. Nikabonyeza "kwangu tu". Ikatoweka kwenye simu yangu, ikabaki salama salimini kwenye simu za dunia nzima.

Kundi likawa kimya. Kimya cha dakika 19 na kitu, nilihesabu. Kisha binti wa Nakuru akatuma kidole gumba, kimoja tu. Yule wa pili akatoka kundini, akarudishwa, akatoka tena. Halafu pale juu pakaonekana: Mwalimu anaandika. Akaacha. Anaandika tena. Nilishuka Mamboleo bado anaandika, nikavuka barabara bila kuangalia, kwa kuwa kugongwa kulionekana nafuu. Ndipo ikaingia:

Nimeipata ya leo, hukumu ya huyu mtu,
Kumbe tuzo ni ya cheo, ya mvi, beti si kitu,
Omena zina upeo, mashairi ni sapatu,
Kondele na Mamboleo, bado watu wawili tu.

Nilisimama kwenye giza nikahesabu kwa vidole. Ko-nde-le na Ma-mbo-le-o, nane. Ba-do wa-tu wa-wi-li tu, nane. Kijana wa mlangoni, huku ananing'inia kwa mkono mmoja, alikuwa ametoa kibwagizo cha mizani 16 kamili bila kujua. Kundi likalipuka. Kufikia saa nne usiku beti zilikuwa zimepita 30, zote zinaishia Mamboleo, na malenga wa wiki akatangazwa kwa kauli moja: makanga.

Asubuhi Mwalimu akanipigia. Nikamwamkia shikamoo tatu mfululizo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina neno nawe. Nataka nikuulize kitu kimoja tu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wale watu wawili, mwishowe walipatikana?"