Mbwa wa kuliwaza polisi: Zanzibar tuchukue nini, tuache nini?

Nchini Uingereza, askari aliyetoka kwenye ajali mbaya au kifo cha mtoto anaweza kurudi kituoni akakuta mbwa mpole anamsubiri. Si mbwa wa kunusa dawa za kulevya wala kukimbiza wezi. Kazi yake ni kukaa karibu na askari, apapaswe. Mpango huo, Oscar Kilo 9, uko chini ya huduma ya taifa ya ustawi wa polisi iliyozinduliwa mwaka 2019.

Haja kama hiyo ipo Unguja na Pemba. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba, na maiti zaidi ya 200 zikaopolewa. Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Kuna watu waliobeba maiti zile, polisi wakiwemo, wakasimama na wazazi waliokuwa wakifunua nyuso kuwatafuta watoto wao. Kisha wakarudi zamu.

Wanaomtetea mbwa wana hoja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, waliwapa wanafunzi dakika 10 za kupapasa mbwa na paka, na homoni ya msongo wa mawazo ikashuka. Lakini hiyo ni nafuu ya muda mfupi. Haitoshi kutuambia lolote kuhusu askari anayeota maiti miaka kumi baadaye.

Kwetu kuna suala la twahara. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wapo watakaojibu kuwa mbwa mkavu hanajisi nguo kavu, kuwa Waislamu wa madhehebu ya Maliki wanamhesabu twahara, na kuwa Qurani imeruhusu windo la mbwa aliyefunzwa. Ni kweli yote. Ila askari aliyevaa sare, naye anangoja adhuhuri, hatapumzika moyo huku akichunga suruali yake isilambwe. Askari wasio Waislamu wapo pia, na haki yao naitambua. Lakini huduma ya kikosi kizima haiwezi kuanzia pale ambapo wengi watakaa mbali.

Kinachonivutia mimi ni yule anayeshika kamba. Katika mpango ule, anayemwongoza mbwa amefunzwa kuwasikiliza wenzake. Mkono unapapasa, mdomo unafunguka bila mtu kuulizwa "una nini?" Hapo ndipo penye dawa, na hapo ndipo sisi tumepungukiwa. Askari wetu wengi huishi kota. Neno la asubuhi huweza kufika kwa jirani jioni. Akitajwa kwenda Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, hata kwa ushauri tu, watu humwita mwendawazimu. Na mwenye silaha anaogopa kupokonywa.

Kwa hiyo naona tuwafunze wasikilizaji kutoka miongoni mwa askari wenyewe, wa kike na wa kiume, wasiwe wakubwa wa kazi wa wanaowasikiliza wala wa kituo kimoja nao, na siri ilindwe kwa kanuni iliyoandikwa. Kikwazo ni cha kiutawala: polisi ni jambo la Muungano, afya si la Muungano. Askari wa Wete akihitaji mnasihi, nani amlipe, Dodoma au Wizara ya Afya Zanzibar? Pande hizo mbili zinapaswa kulijibu hilo kwa maandishi, na kwa bajeti.