Kabla hujatuma kiti cha mtoto nyumbani

Sisi tulio Uingereza hupenda kujisifu kwamba huku mtoto hapandi gari bila kiti chake. Ni kweli sheria inamtaka akitumie hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 3 kukaa nyuma ya teksi bila kiti wala mkanda, dereva akiwa hana kiti cha kumpa. Tusiwacheke sana wanaompakata mwana kwenye Probox.

Kumpakata hakusaidii, hilo halina mjadala. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga kwa mbele na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 200 hivi. Mikono gani itauzuia? Kufunga mkanda mmoja watu wawili ni balaa zaidi, maana mtoto ndiye anayebanwa katikati.

Ugomvi wangu ni na viti tunavyotuma. Kinanunuliwa mtumba, kinasukumwa kwenye kontena bila kitabu cha maelekezo, kikifika kinageuzwa kiangalie mbele ili mtoto aone njia. Hapo shingo inaponzwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Akiangalia nyuma, kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Akiangalia mbele, mikanda inazuia mabega, kichwa kinaendelea na safari. Kanuni ya Ulaya, R129, inakataza kumgeuza kabla ya miezi 15. Waswidi wengi husubiri hadi karibu miaka 4, na kwangu wao ndio wenye akili. Miguu kukunjika si tatizo.

Kukifunga, pitisha mkanda wa gari kwenye njia yake: viti vingi vya Ulaya huiwekea alama ya buluu kwa kuangalia nyuma, nyekundu kwa mbele. Kandamiza kiti kwa uzito wako huku ukivuta mkanda, kisha kitikise palepale mkanda unapopita. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, anza upya. Kisiwekwe kikiangalia nyuma mbele ya eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi. Ikifumuka hupiga mgongo wa kiti, na kichwa kipo hapohapo.

Viti vya Marekani vina kero yao: vingi hutegemea mkanda wa gari unaojikaza. Uvute hadi mwisho, uuachie. Ukirudi kwa mlio wa trrr na kukataa kuvutika tena, sawa. Ukivutika ovyo, kiti hakitatulia bila klipu ya kufungia, kile kipande cha chuma kinachobana mkanda usiteleze.

Mikanda ya mtoto itoke usawa wa mabega au chini kidogo akiangalia nyuma, usawa au juu kidogo akiangalia mbele. Finya mkanda begani. Ukipata mkunjo, umelegea. Kwa hili, walio nyumbani wametushinda: huku tunamfunga mtoto na koti nene, gari likigonga koti linasinyaa, mkanda unabaki na nafasi. Dar shida ni kifungio cha chuma kilichopigwa na jua, na hicho kinafunikwa kwa kanga.

Kabla ya kutuma, vua kitambaa ukague foamu: yenye ufa, tupa. Tafuta lebo ya chungwa ya R129 au ya R44, kanuni iliyoitangulia. Usipojua kama kiti kimewahi kupata ajali, tuma pesa, wanunue kipya hukohuko.