Pembe za ndovu hazipikwi

Kijana wa Bagamoyo anayetaka kutengeneza dokumentari hujifunza kwa kutazama za wengine. Nichukue aina mbili za Marekani: zinazohusu mitaa isiyofikiwa na chakula, na zile za familia inayotembea kwa mguu nusu mwaka porini. Wengi wetu tutasema ya kwanza ndiyo ya maana na ya pili ni mchezo wa wenye nazo. Mimi sina hakika.

Filamu za chakula zina hoja nzito. Kwa kipimo kinachotumiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, mkazi wa mjini yuko mbali na chakula ikiwa duka kubwa liko zaidi ya maili 1 kutoka kwake, na wa shamba zaidi ya maili 10. Kamera ikimfuata bibi anayepanda basi hadi basi kutafuta mboga, hesabu hiyo unaisikia magotini. Tatizo, zinapenda machozi. Tunaonyeshwa jokofu tupu, mtu analia, nasi tunalia, basi. Aliyepanga bei hatumwoni.

Tena umbali si kipimo chetu. Nenda soko la samaki, jirani na Forodha ya zamani, mashua zinapoingia. Dalali anatandaza kolekole, anataja bei, anaipandisha. Mwenye gari la barafu la kwenda Dar es Salaam anatupa bei ya juu, wengine wananyamaza, mnada umekwisha. Mama wa Dunda, ambaye kelele za mnada anazisikia akiwa uani kwake, anaondoka na fungu la vibua. Filamu ya hapa ikikosa dakika ile ya mnada, sura za huzuni hazitaiokoa.

Sasa zile za kutembea. Njia ya Appalachian, ya kutembea kwa mguu mashariki mwa Marekani, ina kilomita 3,500 hivi na inapita majimbo 14. Ukitazama vizuri, chakula ndicho kinachoendesha kisa: familia inapima chakula kwa gramu, inatanguliza maboksi posta za mbele, na biskuti zikiisha kabla ya posta, baba anajua hesabu yake ilikosewa wapi. Safari ya chakula hadi mdomoni, ambayo filamu za njaa huiruka, humu unaiona yote.

Lakini familia hiyo ina nyumba ya kurudi na akiba ya kuachia kazi, jambo ambalo kamera hupenda kulipita haraka. Kijana wetu akiiga safari yao, akatoka na wanawe kwa mguu kuelekea Tabora, kila kijiji kitamuuliza gari limeharibikia wapi.

Na swali hilo ni la haki, maana hapa watu walitembea kwa kazi. Karne ya 19 misafara ya kutoka Ujiji, kilomita 1,200 hivi, ilimalizikia Bagamoyo. Mpagazi alibeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na Wanyamwezi wengine waliandamana na wake na watoto. Posho mara nyingi ilikuwa kitambaa cha kubadilisha na nafaka njiani. Nafaka ikiadimika, watu walilala na njaa kando ya mzigo wa pembe, na pembe hazipikwi.

Ningekuwa na kamera, ningelifuata fungu moja la vibua kutoka mashuani hadi chunguni, nikiandika bei kila linapopita mkono mwingine. Dakika 10 zinatosha. Ila dalali lazima azungumze.