Sare ya Jeshi Kwenye Tangazo la Wakili ni Dai, na Dai Huthibitishwa kwa Karatasi

Saa nne asubuhi siku ya kazi, wanaokaa mbele ya televisheni Marekani ni wagonjwa, wazee na watu wasio na ajira. Ndiyo saa ya matangazo ya mawakili. Bendera inapepea polepole, tarumbeta inalia kwa mbali, mzee mwenye kofia nyeusi iliyotariziwa jina la vita anaitazama kamera na kusema aliipigania nchi yake, sasa anahitaji wa kumpigania yeye. Namba ya simu inatokea chini kwa herufi kubwa. Sekunde 30 zimekwisha.

Lirudie tangazo hilo mara kumi, hutapata sentensi ya kumshikia wakili. Maneno hayadai chochote. Picha ndiyo inayodai: kwamba wakili huyu aliwahi kuvaa gwanda, kwamba mzee yule ni mteja wake kweli, kwamba serikali inaitambua ofisi hii, kwamba hapa kesi za wanajeshi wanazijua nje ndani. Msimamo wangu ni kwamba kila picha ya namna hiyo ihesabiwe kuwa dai kamili, na mwenye tangazo awe na karatasi ya kulithibitisha kwenye jalada kabla kamera haijawashwa. Asiye na karatasi aiondoe picha.

Huo si ukali uliozuliwa leo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwafungulia mawakili mlango wa kujitangaza mwaka 1977, katika shauri la Bates dhidi ya Chama cha Mawakili cha Arizona. Miaka minane baadaye likaja suala la picha. Wakili mmoja wa Ohio, Zauderer, aliweka kwenye tangazo la gazeti mchoro wa Dalkon Shield, kitanzi cha kuzuia mimba kilichokuwa kimewaumiza wanawake wengi. Jimbo lilitaka kumwadhibu kwa kutumia mchoro. Mahakama ikasema mchoro unalindwa kama maneno yanavyolindwa, mradi ni sahihi na haupotoshi. Watu wa matangazo huipenda sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo na kuisahau ya pili. Kama picha inalindwa kama neno, basi inahukumiwa kama neno pia. Kanuni ya mfano namba 7.1 ya Chama cha Mawakili wa Marekani, ambayo majimbo yameifuata kwa namna tofautitofauti, inakataza kauli ya uongo au ya kupotosha, na inahesabu kuwa upotoshaji hata kauli ya kweli iliyoachwa bila jambo linalohitajika ili ieleweke sawasawa.

Nianze na bendera, maana ndiyo watu wanayoibishania zaidi. Sheria ya Bendera ya Marekani inasema waziwazi kuwa bendera isitumike kwa matangazo kwa namna yoyote ile. Wengi hushtuka wakiisoma, kwa sababu imechorwa kwenye kila kitu kuanzia magari hadi magodoro. Lakini kifungu hicho ni mwongozo wa adabu, hakina adhabu. Zamani majimbo yaliadhibu kweli: mwaka 1907, katika shauri la Halter dhidi ya Nebraska, Mahakama ya Juu iliunga mkono kutozwa faini kwa wauza bia walioweka bendera kwenye lebo ya chupa. Sheria ya uhuru wa kusema imebadilika mno tangu hapo, na sioni faida ya chama cha mawakili kuanza kufukuzana na bendera. Bendera peke yake haimdanganyi mtu kwamba wakili fulani ni hodari. Ushauri wangu kwa ofisi ni mwepisi: kama mnaiheshimu kweli, iacheni kwenye mlingoti.

Sare ni jambo jingine kabisa.

Wakili anayetaka kuonyesha kwamba alikuwa askari aanze na hati yake ya kuachana na jeshi, DD-214, nakala ndefu iitwayo Member-4. Nakala fupi, Member-1, haina aina ya uachishwaji, kwa hiyo haitoshi. Kisanduku cha 12 kina tarehe za utumishi, cha 13 kina medali na beji, cha 24 kina namna mtu alivyoachishwa. Mwandishi wa tangazo aandike kutoka kwenye visanduku hivyo, si kutoka kwenye kumbukumbu ya mkubwa wa ofisi. Medali isiyo kwenye kisanduku cha 13, wala kwenye hati rasmi ya kukisahihisha, isionekane kifuani. Tangu 2013 ni kosa la jinai, kifungo hadi mwaka mmoja, kujitangaza kwa ulaghai kuwa na medali kama Purple Heart au Silver Star ili upate pesa au manufaa mengine. Tangazo la wakili shabaha yake ni nini kama si pesa?

Halafu kuna cheo. Mstaafu wa jeshi anaruhusiwa kutumia cheo chake kwenye biashara, lakini lazima ionekane kwamba amestaafu na isidhaniwe kwamba jeshi linamdhamini. Kwa hiyo «Luteni Kanali (Mstaafu)» linapita. «Luteni Kanali» tupu halipiti. Hapo Kiswahili chetu nacho kinatuteleza. Tumezoea kumwita kila aliyewahi kuwa jeshini mstaafu, kumbe Marekani mstaafu kwa kawaida ni aliyetumikia miaka 20 au zaidi, au aliyeondolewa kwa sababu za afya. Aliyetumikia miaka minne akaondoka vizuri ni askari wa zamani. Anaheshimika na ana haki zake, lakini mstaafu siye. Ofisi inayotoa tangazo la Kiswahili kwa Wakenya na Watanzania wa huko ichague neno kwa uangalifu huo huo.

Picha za kununua mtandaoni ndizo zinazoharibu zaidi, na chukueni mfano mmoja mdogo. Kwenye gwanda la jeshi la nchi kavu la Marekani, bendera hukaa bega la kulia, nyota zikitazama mbele kana kwamba askari anasonga na bendera inapepea nyuma yake. Nembo ya kikosi alichomo sasa hukaa bega la kushoto. Bega la kulia, chini ya bendera, huwekwa nembo ya kikosi alichokwenda nacho vitani, na asiyekwenda huliacha wazi. Sasa msanifu anataka askari atazame upande wa maandishi, anaigeuza picha kama kwenye kioo. Bendera inahamia kushoto, na nembo ya kikosi inahamia kulia. Kwa bonyezo moja la kipanya, kijana ambaye hakuwahi kutoka kambini amepewa utumishi wa vitani. Askari wa zamani huliona kosa hilo mara moja, na yeye ndiye tangazo linamlenga. Tiba ni kumlipa mtu aliyevaa gwanda hilo saa moja ya kazi aikague picha kabla haijatoka, na kumkataza msanifu kugeuza picha yoyote ya sare.

Mzee wa kwenye tangazo naye ana maswali yake. Ni mteja au ni mwigizaji? Kama ni mwigizaji, Florida inataka iandikwe kwamba si mfanyakazi wala mwanachama wa ofisi hiyo, na kwamba tukio ni la kuigiza. Jimbo hilo linakataza pia tangazo linalovuta hisia za mteja badala ya kumsaidia kupima kama wakili anamfaa, na ofisi nyingi zinatakiwa kuwasilisha tangazo kwa chama cha mawakili siku 20 kabla ya kulitumia. Ni Florida hiyohiyo ambayo Mahakama yake ya Juu, mwaka 2005, iliwaadhibu mawakili waliotumia picha ya mbwa aina ya pit bull na namba ya simu yenye jina hilo. Sikubaliani na kila kitu katika hukumu ile. Lakini kama mbwa anaweza kuchunguzwa, mzee mwenye kofia ya Vietnam hawezi kuachwa apite bila kuulizwa. Na kama ni mteja wa kweli aliyelipwa au aliyepunguziwa ada ili aongee, hilo lisemwe mbele ya mtazamaji, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu.

Nembo za matawi sita ya jeshi zilizopangwa mstari chini ya ukurasa wa ofisi ni kosa la kawaida ambalo wengi hawajui kuwa ni kosa. Nembo hizo zinalindwa na sheria, ile ya Marine, tawi la askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu, ikiwa na kifungu chake peke yake. Picha za Wizara ya Ulinzi zilizo huru kwa umma zinaweza kutumika, lakini wizara ina maneno yake ya tahadhari: kuonekana kwa picha zake hakumaanishi kwamba inaunga mkono biashara hiyo. Maneno hayo yawekwe kando ya picha, yasifichwe mwisho wa ukurasa. Na jina la ofisi lisisikike kama idara ya serikali. «Kituo cha Taifa cha Mafao ya Wanajeshi» ni jina ambalo mjane wa miaka 78 atalichukua kuwa la serikali, na atatoa namba yake ya hifadhi ya jamii bila kuuliza.

Kinachonitia uchungu zaidi kimo kwenye kile ambacho picha hufunika, yaani ada. Kuanzia 1864 hadi 1988, Bunge la Marekani lilimzuia wakili kutoza zaidi ya dola 10 kwa dai la mafao ya askari, kwa hofu ya walanguzi waliowanyonya majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi kanuni ni hizi: hakuna ada kwa kutayarisha dai la kwanza kwenye Wizara ya Wanajeshi wa Zamani (VA). Ada inaanza baada ya uamuzi wa kwanza. Isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo, yaani mafao ya nyuma yanayolipwa kwa mkupuo, huhesabiwa kuwa ya haki, inayozidi theluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa malimbikizo ya dola 18,000, hiyo ni 3,600 upande mmoja na 6,000 upande mwingine. Nani aliwahi kuona hesabu hiyo kwenye tangazo lenye ndege tai na bendera? Na vyama vya wanajeshi wa zamani kama American Legion na DAV (Disabled American Veterans) huwasaidia watu kuandaa dai hilohilo bure.

Camp Lejeune, kambi ya Marine, ilionyesha madhara yake kwa kiwango kikubwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022 iliwapa haki ya kudai waliokaa kambi hiyo ya North Carolina angalau siku 30 kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987, maji yake yakiwa na sumu za viwandani. Matangazo yalifurika, karibu yote yakiwa na gwanda la Marine. Machache mno yalisema kwamba fidia hiyo hupunguzwa kwa mafao ya VA, na ya Medicare na Medicaid (mipango ya serikali ya bima ya afya), ambayo mtu amekwisha kupata kwa ugonjwa huohuo. Sheria yenyewe inasema hivyo. Mtu aliyekuwa akilipwa ulemavu kwa miaka alisaini mkataba akidhani kiasi kizima ni chake. Wizara ya Sheria ikasema mwaka 2023 kwamba ada haiwezi kuzidi asilimia 20 kwa madai yanayomalizwa nje ya mahakama na 25 kwa kesi, na kufikia hapo mikataba mingi ilikuwa imesainiwa. Sehemu ya matangazo hayo hata haikuwa ya mawakili. Kampuni za masoko zilikusanya majina na kuyauza, na mteja alijua jina la wakili wake baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana kanuni ya 7.2 inataka tangazo litaje jina na mawasiliano ya angalau wakili mmoja au ofisi moja inayowajibika.

Nawaandikia haya wasomaji wa Kiswahili kwa sababu wamo kwenye jeshi hilo. Kati ya 2009 na 2016 Marekani ilikuwa na mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, na vijana wetu wengine wameingia kwa njia za kawaida wakiwa na kadi ya kijani. Wanapotoka wana magoti, migongo na masikio yaliyoharibika kama wenzao. Wakiona tangazo lenye sare waliyoivaa wanaamini upesi, kwa sababu sare hiyo kwao ilikuwa na maana.

Kwa hiyo kaka au dada uliyetoka jeshini, kabla ya kupiga namba ya kwenye skrini, andika jina la wakili kwenye ukurasa wa VA wa kutafuta waliosajiliwa. Jina lisipokuwamo, hana ruhusa ya kukuandalia dai lako huko. Uliza ni nani hasa atakayeshika faili na yuko jimbo gani. Wakikutumia fomu 21-22a usaini kwa simu, isome ukiwa umekaa: hiyo ndiyo inayomfanya mtu huyo awe mwakilishi wako, na kwa kawaida ukiisaini inafuta uwakilishi uliokuwa nao, hata kama ulikuwa na afisa wa chama cha wanajeshi aliyekuwa akikuhangaikia miaka miwili bila kukutoza senti.