Wajina ndani ya msimbo: kuhamia .NET 10 huku korosho zikipimwa

Ita "Hamisi!" pale stendi ya Mtwara, watageuka wanne. Ndivyo zilivyo mbinu wajina kwenye C#, lugha ya programu ya Microsoft: jina moja, vigezo tofauti, na kompaila, yaani kitafsiri cha msimbo, ndiyo inayoamua umemwita nani. Toleo la 14 la C#, lililokuja na .NET 10 (fremuweki inayoendesha programu za C#) Novemba 2025, limebadili uamuzi huo. Safu (array) ya kawaida sasa hugeuzwa yenyewe kuwa Span, dirisha la kuitazama data, kwa hiyo Contains (mbinu ya kuuliza "kimo?") uliyoiandika zamani inaweza kuangukia kwa wajina mwingine bila wewe kugusa herufi.

Jambo hilo lilinikuta kwenye programu ya kupokelea korosho ghalani. Swali la mstari mmoja tu: nipe mizigo ya wakulima ambao namba zao zimo kwenye safu hii. Nilihamia .NET 10, maktaba ya kuhoji hifadhidata nikaiacha ya zamani. Kompaila ikapita kimya, hata onyo moja hakuna. Karani alipobonyeza "Orodha", ikagoma. Maktaba ilimkuta kwenye swali mgeni isiyemjua.

Wanaotetea badiliko hili wana hoja. Span husoma data palepale ilipo kwenye kumbukumbu, bila kunakili. Ukikompaili upya tu, kasi unaweza kuipata bure. Na Microsoft hawakulala: Reverse (mbinu ya kupindua mpangilio) ya safu ilikuwa iangukie kwa ile inayopindua safu yenyewe na isiyorudisha kitu, wakaongeza wajina mpya wa kuziba shimo hilo.

Lakini kosa linalozuia kukompaili ni rafiki yako. Hili linasubiri mkulima yuko dirishani. Ndiyo maana wengine huibakiza lugha kwenye toleo la 13 kwa LangVersion, mpangilio wa mradi unaochagua toleo la lugha. Siwalaumu, nami nilifanya hivyo kwa wiki moja ili kazi iende. Ila ni panadoli. Mimi niko na wanaosonga mbele: pandisha maktaba zote pamoja na fremuweki, na penye shaka mwite umtakaye kwa jina na ukoo wake, Enumerable.Contains, kompaila isibahatishe.

Kinachonikera zaidi ni kalenda. .NET mpya hutoka kila Novemba, na msaada wa .NET 8 unakoma 10 Novemba 2026, wakati huku kwetu minada imepamba moto na hakuna anayethubutu kuigusa mashine ya ghalani. Safari ijayo yangu nitaipandisha masika, ghala likiwa tupu, kabla watu hawajaanza kupuliza salfa mikoroshoni.