Roho mbaya haipimwi na mwenye roho yake

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika baada ya Isha, tukahamia barazani na kapu la machungwa ya Muheza. Binamu yangu ndiye aliyekuwa na chaji, akafungua moja ya yale majaribio ya mtandaoni yanayokwambia una roho mbaya kiasi gani. Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Yeye anayageuza kwa namna yake, mimi najibu, mdogo wangu anamenya machungwa. Umewahi kudokoa nyama sufuriani ukamsingizia paka? Umewahi kuona mwenzio ana mchicha kwenye meno ukanyamaza? Umesoma ujumbe wa mtu ukajifanya hukuuona? Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Kisha likaja swali la kufurahi mwenzako anapokwama. Nikasema hapana, haraka haraka. Mdogo wangu akaweka kisu chini.

"Dada, shoga yako alipokosa ile kazi mliyoomba wote, si uliingia jikoni unaimba?"

Niliimba kweli. Nilikuwa nimetoka kumpigia simu kumpa pole, tena kwa sauti ya huzuni, na kabla simu haijapoa mkononi nikawa naosha vyombo huku naimba. Nilishasahau. Binamu akabofya "ndiyo", na mwisho wa mchezo nikapewa asilimia 31 na picha ya malaika mwenye vipembe. Hiyo asilimia imenipita. Kilichobaki na mimi wiki nzima ni kile kisu kilichowekwa chini.

Nayapenda majaribio haya na nitayatetea mbele ya wanaoyaita upuuzi. Ni mahali pachache ambapo watu wazima hutaja vijiovu vyao kwa sauti bila kuhubiriwa. Ila ukiyafanya peke yako, kitandani, simu usoni, hayana maana yoyote. Unajijibu unavyotaka kujiona, na mashine inakurudishia hivyo hivyo.

Na hata yale maelezo yanayokuja na alama, usishangae yakikugusa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapewa maelezo yake. Aliwaomba wayapime usahihi kuanzia 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, mengi yake aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Ukimwambia mtu kwamba ana wema mwingi lakini akiudhiwa hana mchezo, nani atakataa?

Kinachonikera zaidi ni kile majaribio haya yanachokihesabu kuwa uovu. Chukua Rice Purity Test, jaribio la usafi wa tabia, maarufu mno kwa vijana. Ilianzia Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, Marekani. Gazeti la wanafunzi liliichapisha mwaka 1924, ikiwa na maswali kumi kwa wanafunzi wa kike. Leo yamekuwa 100, unaanza na alama 100 na kila "ndiyo" inakupunguzia. Swali la kwanza ni kama umewahi kushikana mikono kimapenzi. Yanafuata ya busu, pombe, polisi. Mtu anaweza kutoka na alama 98 na bado mtaa mzima ukajua kwamba kwake huombi hata chumvi.

Sisi Waswahili neno tunalo, na linaelekeza kwingine kabisa. Tukisema fulani ana roho mbaya hatumaanishi mlevi wala mzinzi. Tunamaanisha mchoyo, hasidi, mwenye roho ya kwa nini, asiyependa kuona chungu cha mwenzie kinachemka. Ni ubaya unaohitaji mtu wa pili. Basi huyo wa pili aulizwe! Dada wa kazi ndiye anayejua kila Jumapili anaachiwa kidari au shingo. Mdogo wako ndiye anayejua kwamba lile tangazo la kazi ulikuwa nalo wiki mbili, ukalitupia kundi la WhatsApp siku ya mwisho ya maombi saa kumi jioni.

Wataalamu wenyewe hawalitegemei neno la mpimwaji peke yake. Kipimo cha mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada, kinachotumika kuwapima watu wasio na huruma wala majuto, kina vipengele 20, na anayekijaza ni mtaalamu aliyefunzwa, baada ya mahojiano na kusoma mafaili ya mtu huyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walikwenda mbali zaidi. Waliwapa watu orodha ya kazi za kuudhi wachague moja. Kati yake ilikuwepo ya kusaga wadudu kwa kinu cha kahawa. Wadudu walikuwa hai, watatu, kila mmoja na kikombe chake na jina lake: Muffin, Ike, Tootsie. Kinu kilikuwa na kizuizi ndani na hakuna mdudu aliyeumia, ila washiriki hawakuambiwa. Waliochagua kusaga ndio waliokuwa na alama za juu zaidi katika maswali ya kupenda kuwatesa wengine. Karatasi ya maswali ilikuwepo, lakini watafiti walitaka kuuona na mkono.

Jambo moja la tahadhari, nalisema kwa uzito: jaribio likikutaka uingie kwa akaunti yako ya Facebook, toka. Sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyotumia taarifa za watu kwenye kampeni za siasa, lililofichuka mwaka 2018 lilianza na programu ya maswali ya tabia. Watu kama 270,000 waliipakua, na kupitia kwao zikachotwa taarifa za watu hadi milioni 87, wengi wao marafiki tu ambao hawakujibu swali hata moja. Mwaka huo huo wakubwa wa kampuni hiyo walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4, televisheni ya Uingereza, wakijisifu kwamba walifanya kazi kwenye chaguzi za Kenya za 2013 na 2017.

Kwa hiyo sisi tunachezea barazani, simu moja, bila kuingiza jina la mtu. Shoga yangu nilimpigia Jumatatu nikamweleza habari ya jikoni. Alinyamaza kidogo, akaniambia hata yeye mwaka juzi, kwenye harusi yangu, kuna kitu alikifanya, na ataniambia tukikutana. Nimemwalika Ijumaa hii. Simu atashika mdogo wangu, mimi sina ruhusa ya kujibu lolote linalonihusu.